Weksi Kabla ya Kipaimara

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Kindness alikuwa na kazi mbili: kumkatia ng'ombe majani na kujitazama kwenye kioo. Ya kwanza aliifanya haraka haraka. Ya pili ndiyo iliyomchelewesha, mpaka baba yake, Mzee Eliufoo, amwite kutoka zizini.

"Kindness! Hicho kioo bado hakijachoka kukuangalia?"

Tusimlaumu sana. Miaka yote ya shule ya msingi Kindness alinyolewa kipara, kama wanafunzi wenzake wote pale kijijini kwao Mwika. Sasa alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri matokeo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule alikuwa na nywele. Hazikuwa ndefu. Zilitosha kushikwa na vidole, basi. Lakini zilikuwa zake, na alizipenda kweli kweli.

Shida ni kwamba hazikutulia. Za mbele, pale juu ya paji la uso, ndizo zilizokuwa kaidi kuliko zote. Alizilaza kwa maji, akazifunga kwa kitambaa usiku kucha, lakini akifungua tu, zote zinasimama. Rafiki yake Anaeli, waliyekuwa wakisoma naye mafundisho ya kipaimara, nywele zake zililala vizuri kuzunguka uso wote.

"Dada yangu ananipaka weksi," Anaeli alisema kwa maringo. "Wewe zako ziko gwaride."

Wenzao walicheka. Kindness naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa siku ya kipaimara. Siku hiyo kila kijana hupiga magoti mbele ya madhabahu, mchungaji akamwekea mkono kichwani na kumbariki kwa jina lake. Ndugu hutoka hata Arusha na Dar es Salaam kuja kushuhudia. Kindness alikuwa ameliwazia sana jambo hilo. Wakati mchungaji ameweka mkono, kanisa zima linatazama wapi? Si kichwani kwako?

Kwa bahati nzuri alikuwa na Shangazi Gladys, dada wa baba yake, mwenye saluni Moshi mjini. Siku moja shangazi alipanda kuja kuwasalimia, akamletea kopo dogo la weksi, ile nta ya kulazia nywele.

"Hii ni zawadi yako ya kipaimara," alisema. "Lakini usiifungue, mwanangu. Ina namna yake. Jumamosi nitakuja kulala hapa, na Jumapili asubuhi nitakupaka mwenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi. Ahsante sana."

Na kweli walikuwa wameelewana, mpaka Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa siku ya mazoezi ya mwisho kanisani. Mama yake Kindness alikuwa amekwenda Tarakea kuuza ndizi gulioni, na angerudi Jumamosi jioni. Baba alikuwa kihambani anapalilia migomba. Kindness alibaki jikoni peke yake na kopo lake. Akamkumbuka Anaeli na lile neno lake la gwaride.

"Nitapaka kidogo tu," alijiambia. "Shangazi hatajua."

Alifungua kopo, akachomeka kidole. Hakikuingia. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na kwa baridi ile weksi ilikuwa imekaza kabisa. Sasa, katika nyumba ile, kitu kilichokazwa na baridi kina dawa moja tu. Samli ikiganda, inawekwa kando ya moto. Mafuta ya kujipaka yakiganda, yanawekwa kando ya moto. Kindness hakufikiri mara mbili. Aliliweka kopo karibu na mafiga, akageuka kufunga viatu.

Aliporudi, weksi ilikuwa imeyeyuka yote kama mafuta ya kupikia. Alisubiri ipoe kidogo, akaimimina kiganjani, nayo ikapenya katikati ya vidole na kudondoka chini. Akaona inapotea bure. Basi akainamisha kichwa na kujimiminia moja kwa moja. Ilikuwa ya vuguvugu na ilinukia vizuri. Aliposhika kioo, hakuamini macho yake. Nywele zote zilikuwa zimelala! Akaongeza nyingine, mpaka kopo likabaki nusu.

Akatoka nje kwenda kanisani akiwa na furaha ambayo haikufika hata barabarani. Baridi ya mlimani ilipompiga, alihisi kichwa kinakuwa kizito, kisha ngozi ya kichwa inavutwa. Akapeleka mkono. Hakugusa nywele. Aligusa kitu kigumu, kama mshumaa uliomwagika mezani na kukauka.

Alitaka kurudi nyumbani. Lakini kengele ilikuwa imeshagongwa, na njiani walikuwa wanakuja wenzake. Angerudi aende wapi?

Katika mazoezi walipiga magoti kwa mstari, na Mchungaji Sifael akapita kwa kila mmoja akionyesha itakavyokuwa. Alipofika kwa Kindness aliweka mkono. Akauinua polepole na kukitazama kiganja chake.

"Mwanangu, umepaka nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mafuta tu, Baba Mchungaji."

Mchungaji alitoa leso, akajifuta, akaenda kwa mwingine. Lakini Anaeli alikuwa ameona, na kicheko chake kikawaambukiza waliokuwa nyuma. Kindness alitazama sakafu mpaka mazoezi yakaisha. Alitamani kanisa lote liwe giza.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja bombani. Maji ya pale hutoka mlimani, na ubaridi wake unauma mifupa. Alisugua kwa sabuni ya mche, akasugua tena. Weksi haikutoka, bali ilizidi kukaza na kugeuka mabaka meupe. Akachukua kitana. Kitana kikakatika meno, na pale mbele kiling'oa kishungi cha nywele pamoja na mizizi yake. Hapo ndipo alipoketi chini na kulia.

Baba yake alimkuta akiwa bado analia. Alimgusa kichwa, akashtuka.

"Aisee! Hii ni nini, Kindness?"

"Weksi, baba. Haitoki."

Mzee Eliufoo alifanya alichoweza. Alipasha maji, akamwagia. Weksi ikalainika, ikateremka mpaka masikioni, kisha ikaganda huko huko. Alijaribu kumpigia mkewe simu, lakini Tarakea ni mpakani, na mara nyingi simu za huko hukamata mtandao wa Kenya. Haikupatikana. Akajaribu tena, haikupatikana. Mwishowe aliketi kwenye kigoda, akakitazama kichwa cha binti yake asijue aanzie wapi.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe na migomba," alisema. "Nywele sizijui. Naona tunyoe tu."

"Baba, usininyoe! Jumapili niende na kipara chenye mabaka?"

"Sasa tufanyeje?"

Kindness alijiona hana pa kushika. Mama hapatikani, baba hajui, na Jumapili inakuja vile vile.

Mara simu ya baba ikaita. Alikuwa Shangazi Gladys. Mzee Eliufoo alisalimiana naye, kisha akampa binti yake simu. "Ongea naye mwenyewe," alisema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Ile weksi hujaigusa?"

Kindness alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini aliona aibu, akaogopa shangazi atamwonaje, na maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Sijaigusa, shangazi."

"Safi sana! Basi umeniokoa. Kesho nimepata maharusi wa kupamba, na nilikuwa nahangaika nitafikaje huko. Kama nywele zako ziko salama, sina haraka. Nitakuja Jumapili asubuhi, nikupake kidogo, tuingie kanisani."

Simu ikakatika. Kindness alibaki nayo sikioni.

Baba yake hakufoka. Afadhali angefoka. "Katika ukoo wetu wote, mtu anayeijua hii kitu ni mmoja tu," alisema taratibu. "Ulikuwa naye sikioni, umemwambia hakuna shida." Akachukua ndoo yake, akaenda kukamua.

Usiku ule Kindness hakulala vizuri. Kichwa kiliwasha, na kila alipojikuna, kucha zilijaa weksi. Kulipokucha alimkuta baba ameweka kiti uani, shuka la zamani mkononi, mkasi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hilo lilimuumiza Kindness zaidi.

"Kaa, mama," alisema. "Hatuna namna nyingine."

Kindness aliketi. Baba akamfunga shuka shingoni. Mkasi ulipomgusa sikio kwa ubaridi wake, alisema, "Baba, subiri kidogo. Naomba simu."

Shangazi alipopokea, nyuma yake zilisikika sauti za maharusi wakigombea kioo.

"Shangazi, jana nilikudanganya," Kindness alisema kabla woga haujamrudia. "Niliifungua. Iligoma kutoka kwa baridi, nikaiyeyusha motoni, nikajimiminia. Imeganda kichwa kizima. Baba ameshika mkasi."

"Uliimimina? Mpaka kwenye ngozi?"

"Ndiyo. Nisamehe, shangazi."

"Hayo ya kunidanganya tutayazungumza nikifika. Mwambie kaka yangu aweke mkasi chini. Mafuta ya kupikia yapo?"

"Yapo."

"Weka simu kwenye sauti kubwa. Kaka, unanisikia? Maji matupu hayawezi kutoa nta. Nta inatolewa na mafuta. Pasha mafuta kidogo tu, yasiunguze, umpake kichwani, ukande polepole kama unavyomkanda ng'ombe kiwele kabla ya kukamua. Hiyo kazi unaijua!"

"Hiyo naijua," alijibu Mzee Eliufoo, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu.

Alikanda. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, lakini viligusa kichwa cha binti yake kwa upole. Weksi ilianza kulainika. Waliifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, wakapaka mafuta mengine, wakafuta tena. Kisha wakaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kwa kuwa shampuu hawakuwa nayo. Mara ya kwanza nywele zilibaki zinanata, na Kindness akakata tamaa upya. Shangazi alipopigiwa tena alisema, "Rudieni! Msichoke!" akakata simu kwa sababu bibi harusi alikuwa analia. Wakarudia. Mama aliporudi jioni kutoka Tarakea aliwakuta wote wawili wamelowa, na nywele za Kindness zimesimama kama zamani.

"Mmefanya nini humu?" aliuliza.

"Tumeosha nywele," alisema baba, akaenda kulala mapema.

Lakini pale mbele, ambapo kitana kiling'oa kishungi, palibaki uwazi mweupe. Hapo mafuta hayakuweza kusaidia.

Jumapili asubuhi Shangazi Gladys alifika. Alimkalisha Kindness mlangoni, penye mwanga, akamwambia anyooshe mikono. Akachokoa weksi kwa ncha ya kucha, isiyozidi punje ya harage, akamwekea kiganjani.

"Sugua viganja vyako pamoja."

Kindness alisugua. Kufumba na kufumbua, nta ile ngumu ikayeyuka na kuwa laini.

"Umeona? Moto wake ni huo huo wa mikono yako, hauhitaji mafiga. Sasa pitisha juu ya nywele tu, pale zinapokataa kulala. Ngozi usiiguse. Na usipake nyingine juu ya ile ya jana, jioni unaosha kwanza. Ukiona unahitaji nyingi, ujue umekosea."

Nywele zililala. Si zote, lakini vya kutosha. Shangazi alikitazama kile kiuwazi, akakigusa kwa kidole.

"Hapa sina dawa. Pataota polepole."

Kisha akamgeuza wakatazamana. "Kindness, kufungua kopo lilikuwa kosa la kitoto, na weksi iliyoganda inatoka. Lakini nikikuuliza kama una shida, ukaniambia huna, mimi nitakusaidiaje? Mimi niko Moshi, nina mafuta, nina shampuu, nina mikono, na wewe unakaa hapa unalia. Aliyetaka kukunyoa jana si baba yako. Ni lile neno lako, 'sijaigusa.' Siku nyingine ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi," alisema Kindness, na machozi yakamtoka, lakini hayakuwa kama yale ya bombani.

Kanisani, zamu yake ilipofika, alipiga magoti. Kabla mkono haujashuka alisema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, Ijumaa hayakuwa mafuta tu. Ilikuwa weksi." Mchungaji Sifael aliinama kumsikia, akatikisa kichwa kukubali, akamwekea mkono na kumbariki kwa jina lake. Mkono ulikaa pale mpaka sala ikaisha.

Walipotoka nje, mpiga picha aliwapanga mmoja mmoja mbele ya maua. Alimtazama Kindness, akaona kile kiuwazi kinachong'aa mbele ya kichwa.

"Binti, geuza uso upande huu kidogo," alisema. "Hapo mbele hapataonekana."

Anaeli, aliyekuwa anasubiri zamu yake, aligeuka kutazama. Kindness alinyoosha shingo, akaielekezea kamera uso mzima.

"Piga hivi hivi tu, kaka," alisema.