Pini Iliyokataa Kutoka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kipkemei alifungua kibuyu chake na kukinusa. Maziwa aliyotoka nayo nyumbani yalikwisha zamani. Ilibaki harufu ya moshi, harufu ya nyumba yake kule Keringet. Mkewe, Jeruto, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Kipkemei alikuwa hajamwona.

Yeye aliendesha mashine ya kuvuna katika shamba la Mzungu huko Subukia. "Ngano ikiisha, nenda kwako," bwana aliahidi. Lilibaki konde moja tu.

Siku hiyo mashine ikaanza kugongagonga. Mkono unaosukuma visu ulikuwa umelegea, kwa maana pini yake imelika. Pini mpya ilikuwapo, lakini ya zamani ilikataa kutoka. Mawingu yalikuwa yakijikusanya mlimani. Kipkemei alizima injini, akashika nyundo kubwa. Pa! Pa! Pa!

"Ndugu yangu, unaua nyoka?"

Alikuwa Owuor, fundi wa shamba.

"Naua kitu kinachonizuia kwenda nyumbani."

"Mbona umekinenepesha? Tazama."

Kweli, kichwa cha pini kilikuwa kimetanuka kama uyoga. Sasa hakiwezi kupita tunduni. Kipkemei akaketi chini kwenye mabua.

"Mtoto atatembea kabla sijamwona."

"Hatatembea wiki hii," Owuor alicheka. "Lete kitambaa na mafuta ya taa."

Owuor alifuta vumbi na grisi iliyokauka. Upande wa chini ikaonekana pini nyembamba, imepenya ndani ya ile kubwa, ncha zake zimekunjwa.

"Hii ndiyo kufuli. Ulikuwa unagonga mlango uliofungwa."

"Sikuiona!"

"Ungeionaje? Safisha kwanza, ndipo ushike nyundo."

Alinyoosha zile ncha, akaivuta kwa koleo. Akakwangua kwa tupa kichwa kilichotanuka, kisha akamimina mafuta pande zote mbili.

"Tuiache inywe hadi kesho."

"Kesho? Na mvua je?"

"Ngano ikilowa, itakauka. Ukivunja mkono huu, utangoja mwingine kutoka Nakuru. Chagua."

Kipkemei alitazama njia ya kwenda kwao, akaweka nyundo chini.

Asubuhi Owuor aliegemeza mkono wa mashine juu ya gogo, akaacha nafasi ya pini kutokea. Akampa Kipkemei kipande cha shaba, chembamba kuliko pini.

"Shaba ni laini, haiumizi chuma. Kiweke juu ya pini, ukigonge polepole. Linda macho."

Tik. Tik. Pini ikasogea kidogo. Tik. Ikaanguka majanini.

"Loo! Kumbe ilitaka kubembelezwa!"

Walisafisha tundu, wakapaka pini mpya grisi, wakaifunga kwa kufuli mpya. Mvua iliponyesha, gunia la mwisho lilikuwa tayari ghalani.

Huko Keringet, Jeruto alipokea kibuyu kitupu kutoka kwa mumewe, akamwekea mtoto mikononi.

"Unanuka mafuta," alisema, akitabasamu.

Mtoto alikamata kidole cha baba yake, akakibana sana. Jeruto akataka kumbandua ili mumewe apate kula.

"Mwache," Kipkemei alisema. "Pini hii sitaki itoke."