Riba ya Miezi Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi, kwenye dirisha la keshia katika benki moja mjini Tororo, iligundulika kwamba shilingi milioni tisa za mjane mmoja wa kijiji cha Mella hazipo.

Mjane mwenyewe, Asekenye, hakupiga kelele. Alisukuma karatasi yake chini ya kioo, akasema pesa iko, imeandikwa hapo. Keshia aliigeuza mara mbili, akaenda kumwita meneja, na meneja akapiga simu polisi.

Inspekta Akiror alifika kwa miguu. Meneja, mama mmoja aitwaye Athieno, alimweleza kwa sauti ya chini kwamba akaunti ina shilingi elfu kumi na nne tu. Nyingine zilihamishwa kwa mtandao mwezi Februari, kwa dakika sita.

"Na hii karatasi?"

"Si yetu, afande. Tangu Januari taarifa zote za benki tunazituma kwa barua pepe. Hatuchapishi tena."

Asekenye alikuwa nazo saba, za Februari hadi Agosti, ndani ya Biblia yake ya Kiateso. Alizikuta kwenye sanduku la mbao la barua pale parokiani, kama zile za zamani. Barua pepe hana. Benki ilipobadilisha utaratibu, mtoto wa dada yake, Mwalimu Odeke, aliandikisha ya kwake, pamoja na laini yake ya simu.

Akiror alimuuliza pesa zote zile alizitakia nini. Asekenye akajibu kwamba shemeji yake alikuwa anauza shamba alimozikwa mumewe. Alikuwa amempa hadi Ijumaa alinunue, la sivyo linakwenda kwa mtu mwingine. Inspekta aliona uchungu, maana baba yake naye amelala udongo wa Mella.

Odeke alipopigiwa simu, alisema barua pepe ile hajaifungua tangu aiandikishe. Alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali.

Akiror akazitandaza karatasi mezani. Mwizi akishaiba huenda zake. Huyu alihangaika kumtumia mjane barua kila mwezi, kwa faida gani? Halafu akaona kwamba zote saba zina mstari mwembamba mweusi ukingoni, kasoro ya printa.

Jumanne asubuhi alikwenda kulitazama sanduku la parokia. Halikuwa na kufuli. Juu yake palibandikwa tangazo la mazishi, lenye mstari ule ule, na chini yake jina la duka la kuchapisha la Ben, Busia.

Ben hakuficha kitu. Alipoonyeshwa picha ya Odeke alimtambua mara moja.

"Huyo mwalimu anakuja kila tarehe tatu na flashi yake. Alisema ni mifano ya kufundishia wanafunzi."

Alasiri Odeke aliketi mbele ya inspekta.

"Pesa ziko wapi, mwalimu?"

"Sijui."

"Ulizihamisha wewe?"

"Hapana, afande."

"Namba ya siri ilikuwa kwa nani?"

 Mwalimu huyu wa kompyuta, aliyezunguka makanisani kuwaonya watu wasimtajie mtu namba ya siri, akaanza kulia.

Mtu alimpigia Februari, akajiita afisa wa benki. Alisema usajili wa mtandao haujakamilika, akaomba namba iliyoingia kwenye simu. Odeke akaitaja. Ilipoingia ya pili, akaitaja pia.

"Kwa nini hukwenda benki siku ile ile?"

"Niliona aibu. Wangesema mwalimu mwenyewe ametapeliwa. Nikafikiri nitarudisha polepole kabla mama hajajua. Zile karatasi nilimwandikia asiwe na wasiwasi."

"Siku ile pesa zingeweza kuzuiwa. Sasa laini ya huyo tapeli imekufa, na wewe umempa miezi saba ya kukimbia."

"Najua."

Akiror alimfungulia jalada la kughushi nyaraka. La wizi lilibaki bila mshtakiwa.

Asekenye aliitwa, akaambiwa yote. Hakumtazama Odeke. Alifungua Biblia, akatoa karatasi ya Februari na ya Agosti, akazilinganisha kwa kidole.

"Kila mwezi ilikuwa inaongezeka kidogo," alisema. "Mimi nikawa nashukuru Mungu."

"Ni riba, mama," Odeke alisema. "Niliipiga hesabu."

"Hata riba uliniwekea."

Alizikunja karatasi, akazirudisha mahali pake, kisha akamuuliza inspekta zimebaki siku ngapi kufika Ijumaa.

"Tatu, mama," Akiror akamjibu.