Dada Yangu na Vidonge vya Kunenepa

"Roda! Unanitilia nini kwenye uji?!"

Kijiko kikamdondoka. Unga mweupe ukatapakaa mezani.

Jamani, huyu ni dada yangu wa tumbo moja! Kaja kwangu hapa Tunduma kunisaidia kulea mtoto, kumbe ananiwekea sumu!

"Si sumu, Enesi... Ni vidonge vya kunenepa. Nimevisaga."

"Nani kakutuma?!"

Akaanza kulia.

"Wakwe zako Msangano wanasema mumeo Osea kaoa ukuni! Wanamtafutia mwingine mwenye mwili. Ninyamaze ndoa yako ife?"

Hasira zilinipanda. Nikamburuta mpaka kituo cha afya, vidonge nikavimwaga mezani kwa nesi.

Nesi akanipima uzito, akanipima urefu. Akachukua kilo zangu, akagawa kwa urefu wangu kwa mita, uliozidishwa kwa wenyewe.

"BMI yako, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni ishirini. Kwa mtu mzima, kuanzia kumi na nane na nusu hadi chini ya ishirini na tano ni uzito wa kawaida. Nani kasema umekonda?"

"Wakwe!"

Akamgeukia Roda. Mwaka huo dada alikuwa kanawiri balaa, mashavu yamejaa, mtaa mzima unamsifia.

"Na wewe panda."

Akampima na urefu. BMI yake ishirini na tisa...

"Namba hii peke yake haisemi unaumwa, dada. Inatuambia tuangalie zaidi. Tupime presha na sukari, maana vidonge hivi vinaweza kupandisha vyote viwili. Na uso wako naona umevimba. Na wewe unavitumia?"

"Mimi? Weee! Huu mwili wa raha!"

Akashuka kwenye mzani, akatoka zake anacheka. Hakupimwa kitu kingine.

Sikumsemesha njia nzima. Kesho yake akarudi kwake Vwawa bila kuniaga, na mimi nikasema aende tu.

Wiki chache baadaye simu ikaita. Ni Priska, binti yake.

"Mama mdogo... mama kaanguka! Wanasema sukari imepanda sana!"

Nilifika Vwawa wameshamfunika shuka. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya mazishi Priska akanivuta chumbani. Ameshika kopo tupu la vidonge vilevile.

"Mama mdogo, usimchukie mama."

"Hivi alikuwa anameza yeye?!"

"Alisema hawezi kumpa mdogo wake kitu asichokijua. Akaanza yeye, miezi mingi. Alipoona hadhuriki, ananenepa tu na watu wanamsifia, ndipo akakuletea wewe."

Nikakaa chini sakafuni. Dada yangu aliionja ile sumu kwa ajili yangu, na mimi nilimnyima hata salamu ya mwisho.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, afya haipimwi kwa macho ya wakwe wala sifa za mtaani. Nendeni mkapimwe uzito na urefu. Namba ikisema uangaliwe zaidi, kubali uangaliwe siku hiyohiyo.

Roda wangu alishuka kwenye mzani akicheka.