Sufuria ya Bati la Ndege

Jumatatu, viti vinne vya jikoni vilikutwa vimepangwa viwili viwili, vyote vikitazama friji. Emérance alikuwa ametoka kufua mashuka ya wazee kule Woodbury, miguu imemvimba, kwa hiyo hakuuliza. Alivirudisha mezani, akalala na koti lake. Mtu aliyechoka kiasi hicho, hata jini akimtokea atamwambia arudi kesho.

Jumanne vilikuwa vimejipanga tena. Safari hii jikoni kulinuka petroli na manyoya yaliyolowa, na viti vilikuwa vya baridi, ingawa hita ya fleti yao ya ughaibuni pale Eagan ilinguruma kutwa. Ilikuwa Januari 2014, ile Januari ambayo shule zilifungwa kwa ajili ya baridi.

"Uwineza, ni weye unachezea hizi chaise?"

Binti yao wa miaka saba alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mikono mapajani. "No, Mama," alijibu. "They like it this way."

Kosa lilikuwa la baba yake, na lilikuwa kosa la fundi. Miaka kumi na miwili katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Rigobert aliilisha familia kwa kusubu masufuria: aliyeyusha alumini chakavu, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Mtu wa kazi hiyo haoni fremu ya dirisha wala injini mbovu, anaona sufuria tu. Sasa alikuwa akifagia karakana moja kule Savage, mali ya mzee Alvin, ambaye hufufua ndege za kale. Msimu ule alikuwa na ndege ya abiria ya Kijerumani ya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati wengi walikuwa bado wakiruka kwa mbao na kitambaa, hiyo ilikuwa ya alumini tupu, ngozi yake ina mikunjo kama bati la paa. Rubani alikaa nje, upepo ukimchapa usoni. Abiria wanne walikaa ndani, wana madirisha na mapazia, mabwana kabisa. Alvin alibandua bati lililooza akaweka jipya. Rigobert aliomba lile la zamani, akapewa, akaliyeyusha, na Krismasi akamletea mkewe sufuria nzito ya bugali, kama zile za kwao. Emérance alifurahi mno. Alikuwa amechoka na masufuria mepesi ya dukani yanayounguza chakula.

Kufikia Alhamisi Uwineza hakuwa akiinuka kwenye kile kiti. Hospitali walimpasha joto, likarudi. Akirudishwa nyumbani, hata akilazwa kitandani kati ya wazazi wake, walimkuta jikoni, midomo ya bluu, akitazama mbele. Viti vingine vitatu vilikuwa vikilia taratibu, kimoja baada ya kingine, kama kuna watu wazito wanaogeuka geuka bila kupata usingizi. Pumzi zikawa zinaonekana hewani juu ya kila kiti, nyeupe, zikipanda na kushuka mchana kweupe, huku Emérance akiwa amesimama na mwiko mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Inuka, mtoto wangu," alinong'ona.

"I can't. He said wait."

Jirani yao Kemunto, nesi Mkenya, alikuja na Biblia na kipimajoto. Aliomba kwa muda wa saa tatu. "Nime-pray mpaka sauti imeisha, Mama Uwineza," alisema akijipangusa jasho. "Na hakuna anayenipinga. Hawa watu wamechoka tu. Lakini joto ya mtoto iko thelathini na tatu, na inashuka. Kesho sijui."

Ijumaa Rigobert, aliyetambua kwamba viti vilipangwa kama vya ndege ile, aliirudisha sufuria karakana, akaeleza yote huku ameinamisha kichwa. Mzee Alvin hakucheka. Alisema ndege ile ilitua kwa dharura juu ya ziwa lililoganda, huko kaskazini. Rubani aliwaambia abiria wake wasiinuke mpaka arudi na msaada, akaondoka kwa miguu. Majira ya kuchipua walikutwa wanne wote wameketi, mikanda imefungwa. Akampa nakala ya orodha ya abiria. Sufuria ikabaki kule, lakini abiria walibaki Eagan, maana mtoto alikuwa ameshakula kutoka humo, akaketi nao.

Emérance aliisoma ile karatasi mara mbili. "Papa Uwineza, hawa batu hatuwezi kubafukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Banangoja. Mutu mwenye anangoja, unamusoma jina. Umesahau ubao wa Nakivale?"

Rigobert hakuwa amesahau. Nani angesahau? Miaka kumi na miwili walisimama mbele ya ubao ule, wakingoja maofisa wasome majina ya wanaosafiri.

Jumamosi saa nane mchana Emérance alivaa kitenge chake kizuri, akafungua mlango wa nje, theluji ikaingia. Alisimama wima kama maofisa walivyosimama na kusoma jina la kwanza. Kiti cha mbele kililia, baridi ikampita begani kwenda nje. La pili vilevile. La tatu vilevile.

"Frieda Lohmann."

Uwineza akainuka. Alitembea kuelekea mlangoni kwa hatua za mtu mzima aliyevaa mabuti, na Rigobert alipomkumbatia alimburuta baba yake sakafuni kama gunia.

"Huyu hayuko kwenye liste!" Rigobert alilia. "Huyu ni wangu!"

Ndipo Emérance alipoona alama za vidole kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Aliyemshika hakuwa na hasira. Alikuwa akiogopa kwenda peke yake. Emérance aliijua hofu hiyo. Siku ya safari yao, chini ya ngazi za ndege pale Entebbe, mguu wake ulikataa kupanda mpaka mama mmoja asiyemjua alipomshika mkono.

"Mama Frieda," alisema, akinyoosha mkono wa kulia hewani, "achilia mutoto. Njo, mimi nitakusindikiza."

Kitu kikaushika. Emérance akatoka nacho, miguuni ana ndala tu, wakavuka maegesho ya magari hadi barabarani, na theluji ikawafunika.

Ndani, joto lilianza miguuni mwa Uwineza, likapanda. Alisema ana njaa. Rigobert alimkumbatia akilia, lakini hakuthubutu kushangilia, macho yake yalikuwa mlangoni.

Zilipita dakika ishirini. Emérance alirudi peke yake, nyusi nyeupe.

"Amefika?"

"Amefika. Funga mlango."

Mkono wake wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Madaktari wanasema damu inatembea vizuri, hawaoni tatizo. Anapomwogesha Uwineza anautia nyuma ya mgongo, na kumsugua kwa wa kushoto.