Vidonge vya Yasmini

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, sogeeni niwaeleze habari za nyumba ambayo wengi wenu mmekula ndani yake.

Kule Mkotokuyana, nyumba ya Mwantumu haikujua kufungwa mlango. Anayetoka shamba alipita kunywa maji, anayekwenda msibani alipita kuazima mkeka, na asiye na safari alipita kusikia nani kaoa na nani kaachwa. Mgeni akimkuta anapika, mboga inaongezwa maji na maisha yanaendelea. Asubuhi ninayoisema alikuwa uani anabangua karanga na majirani, na binti yake Yasmini, mwenye miaka minane, anatwanga.

Mtoto wa kijijini kutwanga si habari. Lakini wanawake wote waliacha karanga wakamtazama, maana miezi mitatu nyuma Yasmini alikuwa hawezi kumaliza bakuli la uji bila mkono kuchoka.

Alizaliwa na ugonjwa wa misuli. Asubuhi alikuwa na nguvu kidogo, jioni kope zinamwangukia, shingo inalegea, chakula kinampalia. Kaka yake, Imrani, alikufa hivyo hivyo akiwa na miaka mitano, na sisi, mnaijua midomo yetu, tukamtaja bibi mmoja asiye na kosa lolote kuwa ndiye mchawi. Kumbe ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Baba amebeba mbegu yake na mama amebeba, wenyewe wazima. Mtoto akizirithi zote mbili ndipo anaumwa.

Aliyemfungua Mwantumu macho ni nesi Aurelia, wa timu ya utafiti iliyokuwa ikikutana na wazazi Ruangwa mjini kila mwezi.

"Mama Yasmini, dawa hii si ngeni," alimwambia. "Wenye pumu wameimeza miaka mingi. Tunachojaribu ni kama itawapa nguvu watoto wa aina hii, na tunao sita tu. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Akimeza, unaweka alama ya vema kwenye kadi. Vinavyobaki unarudisha. Si vya mtu mwingine."

"Nimekuelewa, sista."

Na alielewa kweli; mtoto akameza vitatu kila siku mpaka akashika mchi. Ila alipofika nyumbani aliwasimulia watu yote, na neno lililobaki masikioni mwao ni moja: pumu.

Mwezi wa saba, watu wakaanza kupulizia mikorosho salfa. Ninyi mnalijua vumbi lile la njano linavyobana vifua. Hafidha, dada wa Bashiri mume wa Mwantumu, akaja anahema kama amekimbizwa.

"Wifi, nasikia humu ndani mna dawa ya kifua."

"Ni za mtoto, wifi."

"Kwani mtoto atakula kopo zima leo? Nipe kimoja. Au mpaka niandike barua kwa kaka yangu?"

Watu wakacheka. Bashiri alikuwa mlangoni anajifunga mashine ya kupulizia mgongoni. "Mpe dada," akasema. "Kidonge kimoja hakiui mtu."

Mwantumu alisita. Yasmini ndiye aliyemtoa katika kusita kule. "Mpe changu cha mchana, mama. Mimi leo nina nguvu."

Ninyi mngefanyaje? Msijibu haraka.

Kifua cha Hafidha kilifunguka kabla ya chai kwisha, na Hafidha mdomo wake ni redio. Kesho yake akaja jirani na sahani ya mbaazi. Keshokutwa mwingine na kuku. "Sikuja kuomba, shoga, nimekuja kukujulia hali tu," anasema, anakaa, salamu zikiisha anaanza kukohoa. Mwantumu hakuwa na kinywa cha kusema hapana. Alikozaliwa, kumnyima mtu aliyekwisha kuketi kwako ni sawa na kumtukana. Vitatu vya Yasmini vikawa viwili. Viwili vikawa kimoja. Na kila jioni mama aliweka alama tatu kwenye kadi, mkono hautikisiki, akijiambia mtoto ameshapona.

Mwezi wa nane Yasmini akauacha mchi. Hakusema anaumwa, alisema amechoka kutwanga. Baadaye akawa anainua kidevu ili aone watu, kwa kuwa kope zilikuwa zimeanza kushuka.

Siku ya kliniki Aurelia aliipitia kadi, akamtazama mtoto, akairudia kadi.

"Amemeza zote?"

"Zote, sista."

"Yasmini, mama, unameza mara ngapi kwa siku?"

Mtoto alimtazama mama yake. Mwantumu aliinamisha macho akaitengeneza kanga yake, ilhali ilikuwa imekaa vizuri.

"Mara tatu," alisema Yasmini.

Daktari akaitwa, akampima. "Kama anameza zote na bado anashuka, basi kwake dawa hii imeshindwa," alisema. "Nayo hukimbiza moyo, siwezi kuendelea kuuchosha wake bure. Tunasimamisha, tutafute njia nyingine. Akipata hata mafua, mlete mara moja."

Hapo, wapendwa, ukweli ulikuwa umemfika Mwantumu kwenye ulimi. Lakini kwenye benchi walikaa wazazi wenzake, pamoja na Makrina wa Malolo, ambaye mwezi uliopita tu alimsikia Mwantumu akijisifu jinsi anavyomlea mgonjwa. Ataonekana mama wa namna gani? Akasema moyoni, nitamweleza sista safari ijayo. Akapokea karatasi, akamshika mtoto mkono, wakaenda kupanda gari la Nachingwea.

Safari ijayo haikuwepo. Siku ya sita Yasmini alipata mafua. Mafua ambayo mtoto mwingine angeyafuta kwa mgongo wa mkono yalimkuta yeye hana nguvu ya kukohoa. Walimfikisha hospitali, wakamwekea oksijeni. Saa sita mchana alimwambia mama yake, neno moja moja, "Usilie. Sikumwambia mtu." Adhuhuri ikiadhiniwa, alikuwa amekwenda.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya tatu ya msiba Makrina alifika kutoka Malolo na mwanawe Gregori. Alimkumbatia Mwantumu, wakalia, kisha akasema lililomsumbua.

"Dada, samahani kuyaleta haya msibani. Wanasema huenda jaribio likafungwa. Yasmini ndiye aliyekuwa amepona kuliko wote, na yeye ndiye dawa imemshinda. Wanaogopa hata kwa wetu. Na huyu wangu ameanza kuendesha baiskeli juzi tu. Wakimnyang'anya dawa, nifanyeje?"

Mwantumu alimtazama Gregori, macho yake makubwa wazi, akitafuna karanga bila taabu. Mikeka yote ilikuwa imejaa.

"Dawa haikumshinda mwanangu," alisema. "Hakuimeza. Tuliimeza sisi."

Hakuna aliyeuliza sisi ni nani. Aliyeleta mbaazi aliinama. Aliyeleta kuku alijifunika uso. Hafidha alisema kwa sauti ndogo, "Wifi, nilidhani zimezidi. Ungeniambia."

"Nilikuambia ni za mtoto."

Bashiri, aliyekuwa nje na wanaume, alisikia yote dirishani. Aliingia ndani akachuchumaa karibu na mkewe, na alichoweza kusema ni, "Mimi ndiye niliyesema mpe."

Kesho yake wote wawili walikwenda Ruangwa. Mwantumu alimweleza Aurelia kila kitu, kidonge kwa kidonge kadiri alivyokumbuka. Aurelia aliandika huku machozi yanadondokea karatasi. Jaribio halikufungwa. Gregori na wenzake wanne wanaendelea na dawa yao. Yasmini yuko Mkotokuyana, nyuma ya mikorosho ya babu yake.

FUNZO

Ndugu zangu, dawa ya mgonjwa si mboga, haiongezwi maji. Dozi ikimegwa, haimsaidii mwenyewe na aliyeipokea hatibiwi ugonjwa wake. Mwenye kifua aende zahanati akapimwe, apewe ya kwake. Na ukiwa kwenye utafiti, mwambie daktari ukweli hata kama unakuvua nguo, kwa sababu uwongo wako hauishii kwako. Unaingia kwenye mwili wa mtoto wa mwenzako usiyemjua. Wala msiwafundishe watoto kuficha aibu zetu. Wanatupenda mno, watazificha kweli.

Mgeni akikuomba dawa ya mwanao, mpe maji, mpe kiti, mpe na chakula kama kipo, kisha mwambie hapana. Atanuna siku mbili. Mwantumu hakununiwa na mtu hata mmoja. Kijiji kizima kinampenda mpaka leo, na nyumba imejaa watu, na mtoto hayupo.