Kitambaa Kilichovusha Wateja Barabara

Mama Pindo alipewa jina hilo na wateja. Akikunja pindo la gauni, hata ulitafute kwa miwani huoni uzi ulipopita. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akafagia vipande vya nyuzi, akapangusa cherehani, kisha akaketi. Siku hizi hakushona sana. Alitazama ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ile lilikuwepo duka la Kidosho, mdogo wake wa tumbo moja. Mama Pindo ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na ndiye aliyemfuta machozi alipojichoma. Sasa mlango wa Kidosho haukosi watu, na mlango wa mwalimu wake watu wanaupita tu. Roho ilimuuma Mama Pindo, tena ilimuuma mara mbili, kwa sababu alijua si vizuri kumwonea ndugu yako kijicho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mumewe, fundi viatu, wakila chakula cha mchana.

"Na nguo zenyewe unashona wewe," mumewe akamjibu, akaendelea kula.

Kilichomkera zaidi ni karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa Kidosho. Wateja walisimama mbele yake, wakainua simu, wakatabasamu, wakaingia. Karatasi yenyewe haikuwa na picha ya gauni wala suruali. Ilikuwa na miraba midogo tu, myeusi na myeupe. Mama Pindo akaamua kwamba hiyo ndiyo alama ya mafundi wa kisasa, kama vile kinyozi anavyochora kichwa ukutani. Kuuliza si ujinga, lakini amuulize Kidosho? Yeye aliyemfundisha? Afadhali ameze pini.

Tena kunakili ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Gauni likipita njiani asubuhi, jioni ameshalikata. Akaokota kipeperushi kimoja cha Kidosho kilichodondoshwa na mteja, akahesabu miraba: ishirini na mitano kila upande. Akachukua kitambaa cheupe cha kudarizi na uzi mweusi, akadarizi mraba kwa mraba, siku tatu nzima. Alipomaliza alikinyoosha kwa pasi, akakitundika mlangoni, akarudi nyuma kidogo akitazame. Kilikuwa kizuri kuliko karatasi ya Kidosho, na jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Wateja wakaja kweli. Walisimama, wakainua simu, wakatabasamu, wakavuka barabara. Siku ya kwanza Mama Pindo alidhani ni bahati mbaya. Siku ya pili alianza kuhisi mdogo wake amemfanyia jambo.

Siku ya nne akaja matroni wa zahanati, akitafuta fundi wa kushona sare thelathini za wauguzi. Kazi kama ile ingemshughulisha Mama Pindo miezi miwili. Alimkaribisha, akaenda kuzima pasi, na aliporudi akamkuta matroni ameelekeza simu kwenye kitambaa.

"Sare zako nimezipenda," matroni akasema.

"Sare zipi?" Mama Pindo aliuliza. Hakuwahi kushona sare ya muuguzi maishani mwake.

"Hizi hapa. Na ramani inasema duka ni lile pale." Akaaga vizuri, akavuka.

Mama Pindo aliketi na utepe wa kupimia mkononi. Kabla hajajua la kufanya, Kidosho mwenyewe akaingia na kumkumbatia.

"Dada, wiki hii watu wengi wameniambia wamenijulia mlangoni kwako. Umenitangaza, tena kwa sindano. Sijui nikushukuruje."

Mama Pindo alifungua mdomo, akaufunga. Kusema kweli kulimshinda. Alichoweza ni kuuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mwezi mzima uliopita. "Kwani hii miraba ina nini ndani?"

Kidosho akavuta kiti. "Huu unaitwa msimbo wa QR. Ni maandishi yanayosomwa na kamera ya simu. Wangu umebeba anwani ya ukurasa wangu kwenye intaneti. Mtu akiskani, anaona picha za kazi zangu, bei, namba yangu na ramani ya kufika. Ukiunakili, hata ukiubandika wapi, utamleta mteja kwangu."

"Hata nikiudarizi mimi?"

"Hata ukiudarizi wewe. Simu haijui mkono wa fundi, inajua anwani tu. Kila biashara na msimbo wake."

Alasiri ile walifanya kazi pamoja. Walitundika magauni karibu na dirisha, kwenye mwanga, wakayapiga picha kwa simu ya Mama Pindo. Kidosho akamfungulia ukurasa, wakaandika bei na saa za kazi. Kisha wakatengeneza msimbo kwa huduma ya bure kwenye simu. Kidosho alimwonya kwamba kabla ya kuuchapisha lazima aujaribu kwa simu mbili au tatu, aone unafungua ukurasa gani. Uwe mkubwa, usiwe na mikunjo, na juu yake pawe na maneno ya kumweleza mteja atakachoona. Chini iandikwe namba ya simu, kwa sababu si kila mtu ana simu yenye kamera. Tena kila asubuhi aukague, maana matapeli hubandika misimbo yao juu ya misimbo ya watu. Picha za magauni mapya angeweza kuziongeza ukurasani bila kuchapisha msimbo mwingine.

Kile kitambaa Mama Pindo alikishusha mwenyewe, kimyakimya. Sare thelathini zilibaki kwa Kidosho, na kila alipoona vitambaa vya sare hizo vikishushwa mlangoni kwa mdogo wake, roho ilimchoma. Lakini wateja wake walianza kurudi, mmoja mmoja, wakimwonyesha kwenye simu gauni walilolitaka.

Baada ya mwezi matroni akarudi. Binti yake alikuwa anaolewa, na alitaka gauni la mikono mirefu aliloliona kwenye ukurasa wa Mama Pindo.

"Ulipitia hapa lini ukaskani?" Mama Pindo akauliza.

"Sikuskani hapa. Ni kule nilikofuata sare zangu."

Mama Pindo alivuka barabara na utepe wake shingoni. Mlangoni kwa Kidosho palikuwa na karatasi mbili za misimbo, sawa kwa ukubwa. Chini ya moja pameandikwa: *Sare ni kwangu.* Chini ya nyingine: *Magauni ni kwa dada yangu, fundi aliyenifundisha.*

Maneno hayo ya pili aliyasoma mara mbili, kisha akaingia. "Kidosho, sikukutangaza. Nilikuonea wivu, nikaiba alama yako nikidhani italeta watu kwangu."

Kidosho hakusimamisha cherehani. "Nilijua, dada. Ulivyonyamaza nilipokushukuru, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ungeona aibu, usingeuliza tena."

Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia kidogo, akacheka kidogo, kisha akamwomba mdogo wake amwonyeshe jinsi ya kuongeza picha ya gauni la bibi harusi.