Pipa la Mawe Juu ya Paa

"Hilo rudisha. Zito mno."

Maricruz Olvera, jiwe mkononi, hakugeuka. Saa nne asubuhi ya Jumamosi moja ya Machi, soko la samaki wa mapambo la Mexico City halina nafasi ya mtu kugeuka. Watu walikuwa wamebanana kati ya vibanda, mifuko ya maji yenye samaki ikining'inia juu ya vichwa vyao, na muuza tamale za unga wa mahindi akipenya katikati na sufuria lake la mvuke huku akiomba njia kwa viwiko.

"Si linauzwa kwa kilo?" alijibu. "Nataka kilo zangu."

"Kilo utapata, bibie. Matundu hutapata. Ligonge."

Akaligonga. Likalia kama tofali. Mkono wa mwanamume ukapita begani kwake na kuchukua jingine, jeupe, limejaa vishimo kama mkate uliochacha vizuri. Alipoligonga, likalia kama chungu kitupu.

"Hili ndilo jiwe. Maji yapite ndani, vijidudu vizuri vikae ndani. Lile la kwanza ni la kuzuia mlango."

Sasa aligeuka. Aliona mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, shati la buluu lililopauka kwa kufuliwa, saruji imekauka kwenye kucha. Yeye mwenyewe alikuwa na gauni la njano lenye mifuko mikubwa, nywele amezifunga kwa kitambaa chekundu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa plasta.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Mimi ni fundi wa vigae. Eleazar Quiroz. Muuzaji ni yule anayeniangalia kwa chuki."

Alitoa mfukoni kichupa cha siki, akadondosha tone juu ya jiwe. Likatoa povu. "Hii ni mifupa ya matumbawe ya zamani. Lisipotoa povu, peleka bustanini. Na hili hapa liache, lina mshipa wa kutu. Chuma hakitakiwi majini."

"Unatembea na siki mfukoni?"

"Wengine hutembea na marashi."

Maricruz alicheka kabla hajajizuia. Walichagua mawe kumi na moja, yale yaliyoweza kukaa moja juu ya jingine bila kuyumba. Alipouliza atayatumbukiza lini kwenye tangi lake jipya la maji ya chumvi, Eleazar alimtazama kama mtu aliyeuliza mtoto mchanga ataanza shule lini.

"Makavu haya yamelala na uchafu wa miaka. Kwanza klorini wiki mbili, uyasuuze, uyaanike jua. Halafu pipani, gizani, pampu ikizungusha maji, mpaka fosfeti yote, ile sumu ya matumbawe, itoke. Miezi mitatu, labda minne."

"Mimi nakaa ghorofa ya nne. Pipa nitaliweka wapi, kitandani?"

"Mimi nina paa," alisema Eleazar.

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Maricruz alikuwa akitengeneza meno bandia kwenye maabara ndogo, na hakuwa mtu wa kupoteza Jumamosi zake. Lakini alikuwa na sababu. Baba yake aliyefariki mwaka uliopita alimwachia kitu kimoja tu alichokitaka: tumbawe la zambarau lenye ukingo wa kijani, ukubwa wa kiganja, lile linalotambaa juu ya jiwe kama nta iliyoyeyuka. Mzee wake alilitunza miaka kumi na minne. Sasa lilikuwa kwa rafiki wa baba, Mzee Hilario, ambaye mwisho wa Julai angehamia Veracruz kwa binti yake na kulivunja tangi lake.

"Lilete kwangu," Eleazar alimwambia wiki ya tatu. "Tangi langu lina miaka sita. Litatulia."

"Cha baba yangu hakilali nyumba ya mtu."

"Mimi ni mtu tu?"

"Kwa sasa."

Kila Jumamosi alipanda ngazi hadi kwenye paa, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji ya majirani. Wao wawili walipima, wakamwaga maji ya zamani, wakajaza maji mapya yaliyochujwa. Eleazar alikuwa mkali kwenye jambo moja.

"Pima kabla ya kubadilisha maji, usipime baada. Maji mapya hayajui siri za jiwe."

"Sawa, mwalimu."

"Na usinitanie."

"Sawa, mwalimu mpenzi."

Jiwe moja lilimwangukia Eleazar mguuni siku hiyo.

Mama yake, Doña Eufrasia, aliyeishi chini, aliwapandishia kahawa ya mdalasini na maneno. "Mwanamke anayepanda ngazi zote hizi kuosha mawe," alisema, "ama ana wazimu ama ana mapenzi. Kula, binti, vyote viwili vinahitaji nguvu."

Maricruz aliyatoboa mawe kwa mashine yake ndogo ya meno, Eleazar akayaunga kwa vijiti na saruji, yakawa upinde mmoja mzuri wenye mapango mawili. Mwezi wa Juni walibusiana nyuma ya shuka za jirani. Lakini kichupa cha kupimia kiliendelea kuwa buluu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Buluu maana yake fosfeti bado ipo, na tumbawe kama lile lingepauka na kufa.

Katikati ya Julai, siku ya Jumanne, simu ililia.

"Mwanangu," alisema Mzee Hilario, "binti yangu anakuja na gari Jumapili hii, si mwisho wa mwezi. Nitakupa maji yangu na kichujio changu chenye vijidudu hai ndani, lakini mawe yako yawe tayari. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Maricruz, bila kujua vipi.

Kesho yake mchana aliomba ruhusa kazini, akanunua kipimo chake mwenyewe, akaenda kwa Eleazar bila kumpigia. Alimkuta Doña Eufrasia peke yake, anachambua maharage.

"Yuko kazini. Na mimi sijalala, kaniamsha alfajiri kwa kelele za ndoo zake," alilalamika mama. Maricruz alikuwa ameshafika ngazi ya tatu.

Alichota maji ya pipa. Akaweka dawa, akatikisa, akasubiri. Yalibaki meupe kama maji ya kunywa.

Akapima tena. Meupe.

Jumamosi nne mfululizo Eleazar alikuwa ameshika kichupa yeye, akakisogeza kwenye kadi ya rangi yeye, akatikisa kichwa yeye. Maricruz alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mawe yakiwa safi, mwanamke hana sababu ya kupanda ngazi. Aliita teksi, akateremsha mawe yote mwenyewe.

Eleazar alipiga simu jioni. "Maricruz, mama anasema..."

"Umenichezea kwa kitu cha baba yangu."

"Nimekuchezea nini?"

"Mawe ni safi! Nimepima mara mbili. Ulitaka niendelee kuja, ungesema. Mtu mzima una mdomo."

"Sikiliza, maji yale nili..."

"Maji yamesema ambayo wewe hukusema." Akakata. Akaifungia namba yake. Kisha akalia kidogo, akanawa uso, akajaza tangi.

Nyumbani mawe yalipendeza. Upinde ulisimama ndani ya maji ya chumvi kama mlango wa kanisa dogo. Alhamisi akajisifu. Ijumaa hakujisifu, hakujua kwa nini. Jumamosi saa nane mchana, siku moja kabla ya kwenda kwa Mzee Hilario, alichukua kipimo. Alikuwa fundi wa meno, na fundi wa meno hapimi mara moja.

Maji yakageuka buluu, ile ya wino.

Alikaa jikoni akikitazama kichupa. Akakumbuka maharage ya Doña Eufrasia. Alfajiri. Ndoo. Eleazar alikuwa amebadilisha maji asubuhi ya siku ileile aliyokwenda yeye. Na nani aliyemfundisha kwamba maji mapya hayajui siri za jiwe?

Akafungua namba, akapiga.

"Ulibadilisha maji Jumatano," alisema bila salamu.

"Jumatano na kila Jumatano, mwezi mzima," alisema Eleazar. "Nilidhani nikibadilisha mara mbili kwa wiki, yatawahi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungebeba maji wewe pia. Mgongo wako unauma, unakaa umeinama siku nzima juu ya meno ya watu."

Maricruz akafumba macho. "Mimi ni mjinga."

"Una haraka tu. Lakini nikwambie ukweli. Ile buluu ilikuwa inanifurahisha kila wiki. Rangi sikudanganya. Furaha niliificha."

"Eleazar."

"Nipo."

"Kesho nakwenda kwa Mzee Hilario. Lile tangi lako la miaka sita bado lina nafasi?"

"Tangu Machi."

Jumapili walikwenda pamoja. Tumbawe lilisafiri mapajani mwa Maricruz, ndani ya ndoo iliyofungwa kwa taulo, na kwenye kila tuta Eleazar alipunguza mwendo bila kuambiwa. Maricruz aliliweka mwenyewe, kwa mikono yake, juu ya jiwe la katikati kwenye tangi la mtu. Wiki hiyohiyo mawe yalirudi pipani.

Oktoba, Jumamosi moja tulivu, Doña Eufrasia akichuma pilipili kwenye makopo yake juu ya paa, walipima kabla ya kubadilisha maji. Maricruz alishika kichupa mwenyewe. Meupe. Wakarudia baada ya siku saba bila kugusa maji. Meupe tena.

"Basi," alisema Eleazar. Hakuonekana mtu aliyeshinda. "Chukua mawe yako, bibie. Twende tukatoe na tumbawe la baba."

Walishuka sebuleni kwake. Maricruz aliingiza mkono majini, akalishika taratibu, akavuta. Halikusogea. Akainama, akatazama vizuri. Ukingo wa kijani ulikuwa umetambaa juu ya kipande chake cha jiwe la zamani, ukateremka, ukashika jiwe la Eleazar upana wa vidole viwili pande zote.

"Limeshika," alisema.

"Naweza kulikata kwa patasi," Eleazar alisema, akitazama pembeni. "Wewe sema tu."

Maricruz alitoa mkono, akaukausha kwenye gauni.

"Miaka kumi na minne baba hakuwahi kulikata. Mimi nianze?" Akatazama ukuta mrefu wa sebule, akaupima kwa hatua, kwa makini kama anavyopima taya. "Hapa linaingia tangi kubwa. Upinde wetu kushoto, jiwe lako katikati. Meza yangu ya kazi pale dirishani. Mama yako anapenda kelele za mashine?"

"Hapendi hata za ndoo." Eleazar alimgeukia. "Maricruz, hii ni kazi ya mawe au ni posa?"

"Wewe ndiye fundi wa vigae. Mtu akikwambia anataka kuhamia, unauliza au unaanza kupima?"

Kutoka kwenye ngazi ikasikika sauti ya Doña Eufrasia: "Pima, mjinga wewe!"

Eleazar akatoa utepe wa kupimia mfukoni, karibu na kichupa cha siki, na kumpa Maricruz ncha moja aishike.